Wazee Waliorudishwa Utotoni, na Haki Yao Juu Yetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, anayetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, kisha akatupa akili, na akitaka huichukua akili hiyo kabla ya kuichukua roho. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wakashangaa kuona kwamba mara hii twawaletea khabari za Busia na Malaba, miji ya mpakani mwa Kenya na Uganda, iliyo zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini. Lakini ni nani katika sisi asiyekuwa na mtu wake huko? Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Malaba, na baada ya reli yakaja malori, na lori litokalo Kilindini na shehena ya Uganda, Rwanda au Kongo kwa kawaida husimama ama Malaba ama Busia. Watu wetu walikwenda huko wakiwa madereva, matingo, mawakala wa forodha na wauza vipuri. Wako waliokaa siku mbili wakarudi, na wako waliokaa miaka arobaini, wakaoa, wakazaa, wakazeekea huko huko. Na kabla ya malori na kabla ya reli, wafanyabiashara wa pwani walikwisha fika Mumias katika karne ya 19, wakaifikisha dini yetu hata katika nyumba ya Nabongo Mumia. Kwa hivyo yanayowapata Waislamu wa Busia na Malaba yanatupata sisi, na mzee tutakayemtaja hapa ni mtoto wa mitaa yetu.

Tulialikwa huko kwa darsa ya siku kumi. Siku ya tatu, baada ya sala ya Adhuhuri katika msikiti mmoja wa Malaba, aliinuka mzee mwenye kanzu safi akafunga sala upya. Alipotoa salamu akainuka akafunga tena. Mara nne alisali Adhuhuri yake, na kila mara kwa khushui ya mtu ambaye hajasali. Vijana wa safu ya nyuma wakacheka. Tukauliza ana nini yule mzee, na kijana mmoja akajibu bila ya kufikiri: "Wamemchezea, Sheikh." Nani aliyemchezea? Akatwambia kwamba watu wasema ni mtalaka wake, na wengine wasema ni jirani aliyegombana naye kwa sababu ya kiwanja.

Mzee huyu aliendesha lori baina ya Mombasa na Kampala miaka mingi, kisha akatulia Malaba, na kwa muda wa miaka ishirini alikuwa ndiye muadhini wa msikiti ule ule ambao leo vijana wake wanamcheka. Sasa hajui mwaka gani huu. Bintiye humwita kwa jina la mama yake aliyekufa zamani. Akila, baada ya nusu saa husema hajala, na akiambiwa amekula hulia kama mtoto aliyedhulumiwa. Lakini adhana inaposomwa huijibu neno kwa neno, bila ya kukosea hata moja. Usiku mmoja aliamka, akachukua ufunguo wa kabati akidhani ni ufunguo wa lori, akafungua mlango akaenda zake. Watu wa bodaboda (na jina hili, kama mjuavyo, lilizaliwa hapo hapo mpakani Busia kwa wale waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli) walimkuta asubuhi ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, katika barabara ya kwenda Tororo, miguu imechubuka, anauliza njia ya Makupa.

Tulikwenda nyumbani kwake. Bintiye alikuwa akiuza viazi karai na chai kwa madereva wanaongojea foleni, na amekifunga kibanda chake kwa sababu hawezi kumwacha babake peke yake. Ndugu zake wanaume ni watatu: wawili wako Mombasa na mmoja yuko Maskati. Alitueleza kwamba kwanza walimpeleka mzee kwa mganga, na mganga akala mbuzi mmoja na shilingi elfu kumi na nane, akamfukiza mzee moshi mpaka akakohoa wiki mbili, kisha akasema jini ni mkaidi na ataka mbuzi wa pili. Halafu akanyamaza, akasema: "Sheikh, mimi nimechoka. Na naona haya kusema nimechoka, kwani huyu ni babangu na pepo yangu iko kwake. Lakini tangu mwaka juzi sijalala usiku mzima." Neno hili ndilo lililotufanya tuandike waraka huu. Maana tulipokuwa tukiondoka tulijiuliza: ni darsa ngapi tumesomesha juu ya kuwatii wazazi wawili, na ni mara ngapi tumemuuliza anayewalea kwamba yeye analala au halali?

Ndugu zetu, jambo hili wazee wetu wa pwani walilijua na walikuwa na neno lake. Wakisema fulani amepiswa, yaani akili yake imepotea kwa ukubwa. Madaktari wa leo huliita demenshia, nalo si jina la ugonjwa mmoja, bali ni hali inayoletwa na maradhi mbalimbali ya ubongo. Linalojulikana zaidi katika maradhi hayo ni lile lililopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyelieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. La pili ni lile linalotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, nalo ndugu yake ni shinikizo la damu, kisukari na kiharusi, maradhi ambayo hakuna nyumba ya pwani isiyoyajua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye hali hii ulimwenguni wamepita milioni 55. Na wasiseme watu kwamba ni maradhi ya Wazungu. Jirani zetu wa Hai, chini ya Kilimanjaro, walipotafuta nyumba kwa nyumba mwaka 2010, waliona kwamba katika kila watu mia moja waliotimia miaka 70 na kuzidi, kiasi cha sita walikuwa nayo.

Kwetu sisi si khabari ngeni. Qurani Tukufu imetaja katika Suratun-Nahl na katika Suratul-Hajj kwamba wako miongoni mwetu watakaorudishwa katika umri ulio dhalili, hata wasijue kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijilinda kwa Mola wake na kurudishwa katika umri huo. Basi je, aliyeyasoma haya ana udhuru gani akisema mzee aliyesahau jina la mwanawe amerogwa? Mwenyezi Mungu amekwambia kwamba Yeye ndiye aliyemrudisha, nawe wamtafuta jirani!

Hatusemi kwamba sihiri haipo, kwani imetajwa katika Kitabu. Twasema kwamba kumtuhumu mtu bila ya ushahidi ni dhambi kubwa, na katika jambo hili dhambi hiyo imekwisha mwaga damu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Na tusijitoe sisi wa pwani. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wamekuwa wakikatwa mapanga mwaka baada ya mwaka kwa neno hilo hilo la uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba linalotakiwa kurithiwa upesi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee waliotoroka watoto wao wenyewe. Mzee anayesema peke yake, anayetembea usiku, anayesahau kuvaa nguo, anayemtazama mjukuu kama hamjui, huyo ndiye mtu mwepesi wa kuitwa mchawi. Huenda akawa ni mgonjwa wa ubongo tangu mwanzo. Na wanaomwandikia hirizi, na wanaompigia ramli, na wanaoingiza majina ya Mungu katika ulaghai huo, wana sehemu yao katika damu hiyo, hata kama mikono yao haikushika panga.

Katika njia ya kutoka Busia kwenda Malaba iko Alupe. Zamani palikuwa ni mahali pa wagonjwa wa ukoma. Watu wa umri wetu wakumbuka jinsi mwenye ukoma alivyokuwa akifichwa, akitengwa, akisemwa kwamba amelaaniwa. Leo ukoma watibiwa kwa dawa, na mtu apona, na Alupe pana chuo kikuu ambacho vijana wapita langoni mwake wakicheka. Tulipopita hapo tuliona kwamba demenshia leo iko pale ulipokuwa ukoma wakati ule. Tofauti ni kwamba hii dawa yake ya kuiondoa haijapatikana. Na hapa pana hadithi ambayo tungependa ifahamike vyema: Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja, nayo ni uzee. Aliyekuahidi kwamba atamrudishia mzee wako ujana wa akili yake kwa mbuzi wa pili, ajue anapingana na nani.

Lakini mtu asifahamu kwamba tumesema asipelekwe hospitali. Apelekwe, na apelekwe mapema, kwa sababu si kila anayesahau amepiswa. Yako mambo yanayofanana na kupiswa na yana tiba: upungufu wa damu na wa vitamini, tezi ya shingo isiyofanya kazi, kaswende ya zamani iliyofika kichwani, virusi vya Ukimwi, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka, huzuni kubwa baada ya kufiwa, hata dawa zenyewe zikichanganywa nyingi pamoja. Na mzee aliyebadilika ghafula, jana alikuwa mzima na leo anaweweseka, huyo mara nyingi ana homa, malaria au maradhi ya mkojo, naye apelekwe siku hiyo hiyo. Hapa mpakani mbu ni wengi, na tumeambiwa juu ya bibi mmoja ambaye watu wake walikwisha anza kumsomea, kumbe ni malaria. Alipotibiwa akawauliza kwa nini wamejaa chumbani mwake.

Aliye Busia aanzie hospitali ya rufaa ya kaunti, na aliye Malaba ana hospitali ya Kocholya iliyo karibu naye. Ikihitajiwa zaidi iko hospitali ya Moi, Eldoret. Kwa watu wa Mombasa iko Port Reitz, na kwa Nairobi iko Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910. Na tafadhalini tuache kulitumia jina la Mathari kuwa ni tusi, kwani ndilo linalowafanya watu wafiche wagonjwa wao. Mchukueni mzee pamoja na dawa zote anazokunywa ndani ya mfuko, na aende naye yule anayelala naye nyumba moja, wala si mwana wa kiume aliyekuja jana kutoka safari ambaye hajui lolote ila kusema "mzee hajambo." Na kabla ya kufika hospitali, wako wahamasishaji wa afya ya jamii, waliotolewa na serikali kwa wingi tangu Septemba 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba na mashine za kupimia shinikizo la damu na sukari. Mwambieni ukweli anapobisha hodi. Mwenye kuchunga shinikizo la damu na sukari yake akiwa na miaka hamsini, huyo anaichunga akili yake ya miaka themanini. Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walisema mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya demenshia ulimwenguni ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa mambo kama haya, na wakataja katika hayo kuacha sigara na kutibu masikio yasiyosikia.

Wengi hawajui kwamba ziko haki za mzee serikalini, ndogo lakini ni haki. Aliyetimia miaka 70 anaweza kuandikishwa kwa chifu katika mpango wa Inua Jamii, wenye shilingi 2,000 kwa mwezi, nafasi zinapofunguliwa. Aandikishwe pia katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Na akiisha kupimwa na daktari, ugonjwa wa akili unaomzuia kujitazama waweza kumwingiza katika daftari la Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Tumeona wazee Busia walionyimwa haya na watu wao wenyewe, kwa kuona haya kutaja ugonjwa mbele ya chifu. Nairobi liko shirika la Alzheimer na demenshia la Kenya, lililoasisiwa na Bi Elizabeth Mutunga baada ya baba yake kupatwa na maradhi haya, na kazi yake moja ni kuwakutanisha wanaolea wagonjwa ili wazungumze na kufundishana. Si Waislamu wenzetu, lakini hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, popote akiionapo ana haki nayo. Twauliza tu: misikiti yetu mingapi imewahi kuwakutanisha walezi kumi, ikawapa chai, ikawasikiliza?

Na elimu ya kulea haihitaji dola. Mzee akisema ataka kwenda kwa mamake, usimwambie mamake alikufa mwaka fulani, kwani kila ukimwambia amefiwa upya. Muulize mamake alikuwa akipika nini. Usimjaribu akili mbele za watu kwa kumuuliza "mimi nani?" Weka taa ya usiku njia ya chooni. Mambo yake yawe kwa saa zile zile kila siku. Kanzu yake ishonewe kitambaa ndani chenye jina na namba ya simu, na picha yake apewe mwenyekiti wa bodaboda wa karibu, na hapo mpakani wapewe watu wa pande zote mbili, kwa sababu tangu vituo vya forodha viunganishwe watu wapita upesi, na njia za panya hazina askari wa kumuuliza mzee cheti. Huko Hai walijaribu kuwakusanya wazee wenye maradhi haya vikundi vikundi, wakazungumza mambo ya zamani, wakaimba, wakafanya kazi nyepesi za mikono, na wakaonekana kupata nafuu. Sisi tunayo barza mbele ya kila nyumba, na tunamfungia mzee ndani!

Sasa tujibu masuala ya dini tuliyoulizwa huko, maana wengine waliuliza kwa machozi.

Mzee aliyepotewa na akili hana dhambi akiacha sala, wala akila mchana wa Ramadhani, kwani kalamu imeondolewa juu ya asiyekuwa na akili, na iko riwaya iliyomtaja waziwazi aliyepiswa. Akisali mara nne mwacheni asali, na akisali bila ya udhu msimgombeze. Akili ikimrudia saa moja akasali, amesali. Binti kumwosha babake, au mwana kumwosha mamake, ikiwa hapana mwingine, yajuzu kwa dharura, pamoja na kufunika kinachoweza kufunikwa na kuangalia kwa kadiri ya haja tu. Binti yule wa Malaba alikuwa akiogopa miaka miwili kwamba anafanya haramu, na hakuna mtu aliyemfunulia. Hiyo ni aibu yetu sisi masheikh.

Katika mali, jambo ni zito zaidi. Mzee asiyejua anachokiuza hauzi, na talaka yake haiwi, na kidole chake kilichochovywa wino juu ya karatasi si radhi yake. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun-Nisaa kuwakabidhi mali wasioweza kuitumia vyema, na papo hapo akatuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa uzuri. Yaani mali huzuiwa kwa ajili yake, wala hazuiwi yeye na mali yake kwa ajili ya wengine. Kiwanja cha mzee wetu wa Malaba, kilicho karibu na barabara kuu, kiliuzwa kwa kidole namna hiyo, kwa bei ambayo hata tingo angeicheka, na aliyeuziwa ajijua. Katika nchi yetu, kumsimamia mali mtu aliye hai aliyepoteza akili huendeshwa chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa 2022, na ni mahakama inayomteua msimamizi. Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, yuko kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, na ni vyema kuanza kwake kupata shauri. Lakini lililo jema zaidi ni mtu kuandika na kushuhudisha mambo yake akili ikiwa bado yake. Anayeanza kusahau leo, leo ndiyo siku yake ya kuandika.

Na ninyi ndugu wanaume mlio Mombasa, Nairobi na Maskati, mnaotuma shilingi elfu tatu kwa simu kila mwisho wa mwezi na mkaona mmekwisha toa haki ya mzazi. Nafaka mmetuma, usingizi hamkutuma. Imehadithiwa kwamba katika zama za Sayyidna Umar (R.A.) kijana mmoja, jina lake Kilab, alikwenda katika jihadi akamwacha babake, Umayya, mzee sana, akaharibikiwa na hali kwa kumkosa. Umar akamrudisha Kilab kutoka jihadini. Akamuuliza alikuwa akimfanyia babake nini, akasema alikuwa akimkamulia ngamia maziwa. Umar akamwamuru akamue, kisha bakuli akapelekewa mzee bila ya kuambiwa kwamba mwanawe amefika. Mzee alipoliweka bakuli kinywani akasema ananusa mikono ya Kilab. Ikiwa jihadi ilikatizwa kwa ajili ya mzee mmoja, basi kazi ya bandarini je? Atakayeweza kuja mwezi mmoja katika mwaka, akae yeye na dada yake aende akapumzike, na aje. Asiyeweza, amlipe mtu wa kumsaidia dada yake, si kwa hisani, bali kwa wajibu.

Tena liko jambo la wakfu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya waliopotewa na akili, na gharama zake zikatoka katika wakfu. Pwani yetu ina nyumba, mashamba na maduka ya wakfu ambayo mengine kodi yake haitoshi hata rangi ya ukuta wake. Hatuwahukumu waliopita. Lakini anayetaka kuweka wakfu leo, asidhani kwamba msikiti wa kumi na moja katika mtaa mmoja ndiyo sadaka pekee inayoendelea. Aweke duka moja ambalo kodi yake itamlipa mwanamke wa kukaa na mzee wa watu siku mbili kwa wiki.

Ndugu wa Busia na Malaba walipoyasikia haya hawakungoja pwani. Usiku wa mwisho wa darsa walikaa baada ya Isha, wakaandika majina ya nyumba wanazozijua zenye mzee wa namna hii. Walidhani ni tatu, zikawa tisa, na mbili katika hizo ziko ng'ambo ya mpaka, kwani jamaa moja hugawanyika pande mbili na mstari wa ramani haujui mzee wa nani. Wakapanga wanawake wanne wa zamu, na wanaume wawili kwa wazee wanaume. Asubuhi ya Jumanne na ya Ijumaa wazee wanaoweza kutembea huletwa barzani kwa msikiti, hukaa, huchambua choroko, huzungumza za zamani, nao walezi wao huenda sokoni, au hulala. Imamu naye amejilazimisha kuwazuru majumbani wasioweza kutoka. Mtume (S.A.W.), Abubakar alipomletea babake mzee siku ya Kufunguliwa Makka, alisema ingekuwa bora aachwe mzee nyumbani ili yeye amwendee. Kisha ni nani sisi hata tungoje wazee watujie?

Bintiye mzee wetu amefungua tena kibanda chake siku mbili kwa wiki. Tulipigiwa simu juzi tukaelezwa kwamba mzee bado huuliza kila asubuhi lori lake laondoka saa ngapi, na kwamba yule kijana aliyetwambia wamemchezea ndiye anayekaa karibu naye, na humjibu: "Bado linapakiwa, babu." Mzee hutikisa kichwa, akarudi kwenye choroko zake.

Wenye jamaa Busia au Malaba walio katika hali hii watuletee majina ya mitaa yao, ili tuwaunganishe na ndugu wa huko. Na wanaotaka kutoa chochote kwa wanawake wa zamu wampe mweka hazina wetu baada ya darsa ya Alkhamisi, naye atawaandikia stakabadhi. Walezi wa hapa Mombasa, wake kwa waume, watakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya Alasiri, hapo hapo madrasani, na mahali pa wanawake pametengwa. Mzee asiyeweza kuachwa na aletwe. Tumekwisha panga watu wa kukaa naye.

Wabillahi tawfiq.